Alhamisi za Plasta

Alhamisi, 27 Februari

Muuguzi amesema ninunue daftari. Kila siku niandike vidole vya mtoto vikoje: vina joto au vya baridi, vimevimba au la, na nikibonyeza ukucha wa kidole gumba cha mguu ukawa mweupe, nikiuachia damu inarudi upesi au inachelewa. Ikichelewa nikimbie kliniki, maana plasta imembana. Basi daftari ndilo hili. Na kwa kuwa kurasa ni nyingi na vidole ni vitano tu, nitaandika na mengine.

Mtoto wetu tunamwita Bonge. Ana miezi saba. Alizaliwa mguu wa kushoto umepinda, wayo unatazama ndani kama unasikiliza siri ya mwenzake. Kila mtu aliniambia utanyooka wenyewe akianza kutembea, nami nikasubiri miezi ambayo sikutakiwa kusubiri. Leo daktari wa miguu hakunilaumu. Aliushika mguu kama mtu aliyeshika yai, akaugeuza kidogo tu, akaufunga plasta, ile bandeji inayokauka kama jiwe, mpaka pajani. Yeye yupo kliniki siku za Alhamisi peke yake. Kila Alhamisi atafungua, atageuza kidogo zaidi, atafunga upya. Ikifika ya sita atakata mshipa mdogo nyuma ya kisigino, kisha plasta ya mwisho ya wiki tatu. Nikiruka hata wiki moja, mguu unaanza kurudi ulikotoka.

Na lazima niwepo mimi, kwa sababu anafungwa huku ananyonya. Akinyonya mguu unalegea. Akilia unakaza, na daktari hawezi kitu.

Bosi alinipa Alhamisi hii moja. Zilizobaki sijamwambia.

Vidole vya moto. Ukucha mweupe, kisha damu.

Ijumaa, 28 Februari

Vidole vizuri. Nimemwambia.

Studio yetu inatengeneza vitambulisho vya wanafunzi, na huu ndio msimu wenyewe: mitihani inakaribia, na asiye na kitambulisho haingii chumba cha mtihani. Bosi anazunguka mashuleni kupiga picha. Mimi nakaa kwenye kompyuta. Bi Mkasi anakata kadi na kuzipiga plastiki.

Zamani kila kadi ilikuwa ya mkono: fungua picha, kata uso, bandika, andika jina, hifadhi, anza tena. Shemeji yangu, mdogo wa mume wangu, kabla hajahamia kazi ya mbali alituandikia skripti, yaani maagizo ambayo kompyuta inayafuata yenyewe. Ukiziwasha, kishale kinatembea kwenye skrini peke yake, kinafungua, kinakata, kinabandika, kama kuna mtu asiyeonekana ameshika kipanya. Kadi mia tatu zimekwisha kabla watu hawajaenda kula. Tatizo ni kuziwasha. Unaandika amri kwenye dirisha jeusi, mstari mrefu usio na huruma, na ukikosa nukta moja linakujibu kwa Kiingereza kisha linanyamaza. Mimi niliishia kidato cha pili, lakini amri zote tano nilizinakili kwenye karatasi nikazirudia mpaka nikazijua kama sala. Hakuna mwingine hapa anayezijua.

Bosi alinisikiliza mpaka mwisho. Si mtu mbaya. Akasema, "Mguu wa mtoto ni mguu wa mtoto, siwezi kubishana nao. Lakini kiti chako Alhamisi hakikai kitupu, si msimu huu. Tafuta mtu wa kukikalia. Nikitafuta mimi, sitatafuta wa Alhamisi tu."

Mtu gani? Tumebaki na Bi Mkasi. Yupo hapa miaka kumi na tisa na ulimi wake unakata kuliko mashine yake. Siku yangu ya kwanza kazini alinitazama toka juu mpaka chini, akasema, haya, wametuletea ua la mezani. Leo nimemwekea karatasi ya amri mbele. Ameandika nusu mstari, dirisha jeusi likamkatalia. Akaisukuma kibodi. Mkasi anauelewa, akasema, lakini huyu mweusi hajui hata kusalimia.

Jumapili, 2 Machi

Vidole vizuri. Bonge amejifunza kupiga sakafu kwa plasta. Baba yake, aliyetoka zamu ya usiku ya kuoka mkate na usingizi wake machoni, anasema tumezaa mpiga ngoma.

Shemeji amepiga simu. Nimemweleza yote. Akasema, "Shemeji, usimfundishe mtu amri. Zifiche. Tengeneza dirisha lenye vitufe, mtu abonyeze kitufe, dirisha ndilo liite skripti. Skripti zenyewe usiziguse. Nyumba ipo, wewe unaweka mlango tu."

Nikamwambia mimi si fundi wa milango hiyo. Akasema hata yeye hakuzaliwa na nyundo. Ametuma mfano mfupi, dirisha lenye kitufe kimoja. Nimeunakili kwa mkono mara tatu ili vidole vyangu viuzoee.

Jumatatu, 3 Machi

Vidole vizuri. Kitufe kimetokea kwenye skrini, kidogo, cha kijivu, hakifanyi chochote. Nilikitazama mpaka bosi akauliza kama nimemwona mjomba wangu mle ndani.

Jumanne, 4 Machi

Kimefanya. Nilibonyeza, kishale kikaanza safari. Nilicheka peke yangu kama mwehu.

Jumatano, 5 Machi

Vidole vizuri, ila kidole cha pili kina mchubuko kidogo. Nimeupaka mafuta.

Bi Mkasi amejaribu dirisha. Nilikuwa nimeweka vitufe vitano kwa amri tano, na majina yake yalikuwa yale ya skripti, kifupi kifupi, kama shemeji alivyoyaita. Akauliza hawa ni kina nani na wamezaliwa lini. Nikayabadilisha: Chagua shule. Kagua majina. Tengeneza kadi. Bado alikuwa anarudisha kichwa nyuma, anakunja uso, anabonyeza pembeni. Nilidhani ananidharau. Mara nikaelewa kwamba haoni. Herufi ni ndogo kwake, na kusema hivyo mbele yangu hataki.

Alipokwenda kunawa mikono nilizikuza mara mbili. Aliporudi akakaa, akatazama, akasema, "Ehee. Sasa mashine yako imeacha kunong'ona."

Mchana nimepunguza tena. Mtu anachagua shule, kisha kuna kitufe kimoja kikubwa cha kijani: ANZA. Mambo mengine yote yako nyuma yake.

Alhamisi, 6 Machi

Plasta ya pili. Wayo umegeuka kama upana wa kidole. Wengine hawauoni, mimi nauona. Studioni ilikuwa shule ndogo, wanafunzi arobaini na wawili, na kadi zimetoka vizuri. Bosi amesema, haya, tuone.

Jumamosi, 8 Machi

Vidole vizuri. Mvua.

Jumatatu, 10 Machi

Mvua. Vidole vizuri. Bibi yake Bonge, anayebaki naye nikiwa kazini, anaushika mguu wa plasta kama mgeni rasmi.

Alhamisi, 13 Machi

Plasta ya tatu, na mvua ya kumwaga kwa ndoo. Plasta ikilowa inakuwa uji, basi nilimvika mifuko miwili ya nailoni mguuni nikaifunga kwa mpira, mwavuli nikamwekea yeye, mimi nikabaki na Mungu. Tulifika mguu mkavu, mama maji matupu. Daktari akauliza mgonjwa ni yupi.

Ijumaa, 14 Machi

Sikujua nianze wapi, basi naanza na vidole. Vidole vizuri.

Nilipofika asubuhi kulikuwa na mwalimu mbele ya kaunta, na boksi. Jana ilikuwa shule kubwa, wanafunzi mia tatu na kumi. Bi Mkasi alibonyeza, kadi zikachapwa, akazikata, akazipiga plastiki, mwalimu akaja kuzichukua jioni. Leo amezirudisha. Thelathini za kwanza ni sawa. Kuanzia ya thelathini na moja mpaka mwisho, kila mtoto amevaa uso wa mwenzake anayemfuata kwenye orodha. Mwalimu alitoa moja akaiweka juu ya kaunta taratibu. "Kwa mujibu wenu," akasema, "kiranja wetu wa kike ana ndevu."

Mitihani yao inaanza Jumatatu.

Bosi hakupiga kelele, na afadhali angepiga. Alimwahidi mwalimu kadi mpya kesho jioni, akamsindikiza mpaka mlangoni, akarudi, akasimama mbele ya meza yangu. "Alhamisi ijayo uko hapa," akasema. "Usipokuwepo, basi usiwepo na Ijumaa."

Nimefungua kumbukumbu za kompyuta. Skripti iliwashwa saa nne na dakika nne. Ikawashwa tena dakika moja baadaye, na tena baada ya dakika mbili. Mikono mitatu isiyoonekana imegombania kipanya kimoja, mmoja ukaruka picha, na tangu hapo kila uso ukahamia kwa jirani.

Nilimtazama Bi Mkasi. Alikuwa amenipa mgongo, ananoa kisu cha mashine yake. Hakuniomba radhi wala hakuniaga wakati wa kuondoka. Naandika kama ninavyoona: amefanya makusudi. Hajawahi kunitaka pale. Alibonyeza mara tatu ili mlango wangu uvunjike.

Mguu umefika nusu. Sijui la kufanya.

Jumamosi, 15 Machi

Nataka kuufuta mstari wa jana lakini nimetumia kalamu ya wino. Basi ubaki, uniaibishe.

Nilikwenda studio mapema kuzitengeneza upya. Bi Mkasi alikuwa amefika kabla yangu, na Jumamosi si siku yake. Alikuwa amepanga kadi tupu, amewasha mashine ya plastiki ipate moto. Tulifanya kazi kama saa mbili. Mimi nazichapa, yeye anazikata. Mwishowe nikamuuliza kwa nini alibonyeza mara tatu.

Akaweka kadi chini. "Nilibonyeza, kimya. Dirisha likaganda kama maiti. Sasa nikuulize, mwanangu. Mtu akipiga hodi asiitikiwe, anafanyaje?"

"Anapiga tena."

"Akinyamaziwa tena?"

"Anapiga ya tatu."

"Na ya tatu nikapiga, nikaacha, kama nilivyolelewa. Mimi nimetimiza adabu yangu. Mwenye nyumba wako ndiye hana."

Nilicheka, halafu nikajikuta nalia. Akaniambia nisilie juu ya kadi, wino haujakauka. Nikamuuliza, mbona hukunipigia simu? Akachukua kadi nyingine, akaipima kwenye kisu, akaikata kabla hajajibu. Akasema alijua saa ile mtoto ananyonya na mguu unafungwa. Simu ingelia, mtoto angeshtuka, mguu ungekaza.

Yaani aliyakumbuka yale niliyomwambia siku moja tu, wakati nilidhani hanisikilizi.

Mwalimu amezichukua zote jioni. Amekagua moja moja. Kiranja amenyolewa.

Vidole vizuri.

Jumapili, 16 Machi

Asubuhi nimekaa na Bonge mapajani, nikabonyeza ukucha wake kama kila siku. Ukawa mweupe. Ukakaa hivyo kidogo. Kisha damu ikarudi, na nikajua mguu mzima ndani ya plasta uko hai, ingawa siuoni.

Nimefanya hivi siku kumi na nane bila kuelewa ninachofundishwa. Kitufe nacho kiwe hivyo. Kikibonyezwa, kififie. Kikiwa kimefifia kisikubali kubonyezwa tena. Kazi ikiisha, rangi irudi.

Nikampigia shemeji kabla sijasahau. Alicheka kwanza yale ya kiranja, kisha akanieleza kwa nini dirisha liliganda. "Una mama mmoja nyumbani," akasema, "umempa nguo za kufua mpaka mabegani. Mtoto akilia hawezi kuitika, si kwamba hasikii, mikono yake iko kwenye povu. Mtafutie mwingine afue. Mama abaki mlangoni, kazi yake ni kuitika tu." Yaani skripti ikimbie pembeni, na dirisha libaki huru, liwe linapokea habari: tumefika kadi ya ngapi. Amenitumia mistari tisa. Nimeisoma mpaka Bonge akalala.

Jumatatu, 17 Machi

Vidole vizuri. Kitufe kinafifia vizuri sana. Hakirudi.

Jumanne, 18 Machi

Kinarudi. Lakini dirisha linasema "Kadi ya 0 kati ya 310" mwanzo mpaka mwisho. Bi Mkasi amesema angalau sasa linaongopa kwa sauti. Mvua. Vidole vizuri.

Jumatano, 19 Machi

Nilikuwa nimesahau kumwambia mfuaji atoe habari kila amalizapo nguo moja. Mstari mmoja tu. Saa tano dirisha limehesabu: 1, 2, 3.

Nimeongeza na mambo mawili. Kazi ikiendelea, juu kunaandikwa kwa herufi kubwa: NIMESIKIA. USISHIKE KIPANYA. Na likitokea la kutokea, mtu akikivuta kishale mpaka kwenye kona ya juu, kila kitu kinasimama. Hilo shemeji alikuwa ameliweka zamani kwenye skripti zake, ila hakuna aliyewahi kuliandika mahali pa kusomeka.

Nikamwita bosi. Nilimwambia ajaribu kuliharibu. Alikaa kwenye kiti changu akabonyeza kile cha kijani mara kumi na moja, kama mtu anayeita lifti. Kitufe kilififia mara ya kwanza, kikanyamaza kwa zile kumi. Kadi ya 1. Kadi ya 2. Akakaa anatazama mpaka ya ishirini. Akachukua kadi tano bila mpangilio akazilinganisha na picha.

"Alhamisi moja," akasema.

Alhamisi, 20 Machi

Plasta ya nne. Mvua nyepesi, nailoni moja imetosha. Bonge alinyonya mpaka akasinzia, mguu ukalegea kama mkia wa paka, daktari akaugeuza zaidi ya siku zote.

Saa saba Bi Mkasi ametuma ujumbe. Picha ya skrini, imepigwa upande: Kadi ya 265 kati ya 265. Chini ameandika: "Nimekagua sura kumi na mbili. Kila mmoja kavaa uso wake."

Jumamosi, 22 Machi

Vidole vizuri.

Jumanne, 25 Machi

Vidole vizuri. Bibi yake ameuliza kama dirisha langu linaweza kumwita baba Bonge mezani mara moja tu akaitika.

Alhamisi, 27 Machi

Plasta ya tano. Wayo sasa unatazama mbele. Kimebaki kisigino, kimepanda juu na hakishuki, ndicho kitakachokatwa wiki ijayo.

Leo hakuna ujumbe. Nilitazama simu mara nne. Nilisema labda kumeharibika, kisha nikajua hakujaharibika kitu. Wamezoea kutokuwepo kwangu. Nilikuwa nikiomba hilo tangu Februari, na lilipokuja nikajiuliza kama nimejenga mlango mzuri nikabaki nje.

Vidole vizuri.

Ijumaa, 28 Machi

Nimefika kazini, kwenye kiti changu kuna sweta la Bi Mkasi limekunjwa. Nilidhani amelisahau. Akaniambia kila Alhamisi analiweka pale. Wateja wanaosubiri wanapenda kukaa kwenye kila kinachokalika, akasema, na kiti cha mtu ni kiti cha mtu. Yeye anabonyeza akiwa amekaa kwenye kigoda chake, amekivuta karibu.

Kigoda kiko chini ya meza yangu. Wiki nne sijakiona.

Bosi naye amenisimamisha kabla ya kutoka. Msimu ukiisha anataka vyeti vya kuhitimu viwe na dirisha lao. Ameuliza nitahitaji muda gani. Nikamwambia nitauliza watakaolitumia kwanza. Bi Mkasi akakohoa.

Alhamisi, 3 Aprili

Mshipa umekatwa. Sindano ya ganzi ndiyo iliyomliza. Kukata kwenyewe kulikuwa kwepesi kuliko kumvua kofia. Mimi ndiye niliyeshikwa bega na muuguzi, huku mtoto akiendelea kunyonya. Plasta ya mwisho, wiki tatu.

Nilipotoka nje nikakumbuka kwamba leo kulikuwa na shule mbili. Sikuwa nimeifikiria studio hata mara moja.

Ukucha mweupe. Nilisubiri. Damu ikarudi.

Jumatatu, 7 Aprili

Vidole vizuri.

Ijumaa, 11 Aprili

Vidole vizuri. Mvua zimepungua. Bonge anajivuta kwenye kochi na kusimama kwa mguu mmoja na plasta.

Ijumaa, 18 Aprili

Vidole vizuri, vichafu.

Alhamisi, 24 Aprili

Plasta imetoka. Ngozi imekauka kama ganda la kitunguu na mguu umekonda, lakini umenyooka. Daktari alimsimamisha juu ya meza, akamshika kwapani. Wayo wote ukalala bapa, kisigino na vidole pamoja. Bonge akatazama chini, kama amekanyagwa na mtu asiyemjua. Kutakuwa na viatu vilivyounganishwa kwa kipande cha chuma, mchana na usiku miezi mitatu, kisha usiku tu kwa miaka. Nimesema sawa. Ningesema sawa hata kwa viatu vya moto.

Nikapita studio. Haikuwa njiani, nilizunguka.

Dirisha lilikuwa linafanya kazi, kadi ya 88 kati ya 190, kitufe kimefifia. Sweta kwenye kiti. Bi Mkasi aliinua mkono nisisogelee kipanya, kisha akaona niliyembeba. Akafuta mikono kwenye aproni. Akamchukua Bonge akamkalisha juu ya meza ya kukatia, katikati ya vipande vya kadi, akamvua soksi ya kushoto. Aliupima mguu kwa macho kama anavyopima ukingo wa kadi, huku na huku. Kisha kwa kidole gumba chake kigumu, kile chenye alama za kisu za miaka kumi na tisa, akabonyeza ukucha wa kidole kikubwa, akauachia, akasubiri.

"Umeitika," akasema.

Akamvisha soksi yake, akarudi kwenye kigoda. Kadi ya 91. Kadi ya 92.